Niko Ujiji, nina laki saba: A8 ni kubwa, A9 ni ndogo, S6 Lite ziko tatu. Nichukue kishikwambi kipi?

#1 Mama Wawili Ujiji

Salaam wakuu.

Nina laki saba, nimeikusanya kidogo kidogo tangu msimu wa mawese. Nataka kishikwambi. Nasoma Chuo Kikuu Huria, moduli ni PDF tupu, na kwenye simu macho yameshachoka. Nataka kitu ambacho nitasoma na kuandika pembeni ya ukurasa kwa kalamu, kama nilivyozoea kwenye kitabu. Jioni watoto wataangalia katuni humo humo, siwezi kuwadanganya.

Jana nikapanda Mwanga, nikazunguka maduka matatu. La kwanza kijana akanionyesha Samsung A8, inchi kumi na nusu, nikaipenda. La pili wakanipa A9. Nimeishika, ndogo kama daftari la upatu! Nikamwambia mbona hii ni ndogo kuliko A8? Akanijibu, "Dada, hiyo ndiyo mpya." La tatu wana A9 Plus, imerudi kuwa kubwa, na pembeni yake kuna S6 Lite ambayo anasema ni mpya kuliko zote. Sita inakuwaje mpya kuliko tisa? Yule kijana alicheka, akanivutia kiti.

Namba ikipanda kioo kinapungua, namba ikishuka bei inapanda. Nani anaielewa hesabu hii?

#2 DagaaMbichi

Naweka kambi hapa. Mwaka jana nilienda na swali hilo hilo dukani, nikatoka na baiskeli.

#3 Fundi Lumumba

Dada, jina la mbele ya boksi ni la kuuzia tu. Geuza boksi, tafuta namba inayoanza na SM. A8 ni SM-X200 au X205. A9 ni X110 au X115. A9 Plus ni X210 au X216. Kwa hizi za A, tarakimu ya mwisho ndiyo ya kuanza nayo: sifuri maana yake Wi-Fi tupu, haina sehemu ya laini. Tano ni laini ya 4G, sita ni 5G. Watu wananiletea X210 mezani wakilalamika tundu la laini limeziba. Halijaziba, halikuwepo.

Sasa ukoo wao. A8 haikuzaa A9. Kulikuwa na A7 Lite ya 2021, inchi 8.7. Hiyo ndiyo iliyozaa A9, na inchi ni 8.7 zile zile. A8 ya inchi 10.5 imezaa A9 Plus ya inchi 11. Walichofanya ni kumvua mdogo neno Lite na kumvika mkubwa neno Plus, basi. Mtu aliyezoea A8 akisikia A9 anadhani ni ile ile imeboreshwa, kumbe amepewa mtoto wa jirani.

Ndani yake, yaani chipu inayokiendesha: A8 ina Unisoc T618, A9 ina Helio G99, A9 Plus ina Snapdragon 695. Kwa hiyo A9 pamoja na udogo wake inaikimbia A8. Ila kwa PDF za chuo inchi 8.7 utarudi kulekule kukodoa macho.

S6 Lite ni kesi nyingine, nitarudi. Kuna mteja kioo chake kiko kwenye gundi.

#4 Mnyamwezi wa Cheyo

Haya mambo sisi wa Tabora tumeyazoea. Treni inatoka Dar moja, ikifika kwetu inagawanyika, behewa hizi Mwanza, hizi Kigoma. Ukisinzia kwenye behewa ambalo si lako unaamkia Shinyanga na tiketi ya Kigoma mkononi. A9 na A9 Plus ni hivyohivyo, zinatoka stesheni moja.

Mwisho wa reli mna shida sana nyie.

#5 DagaaMbichi

> Mnyamwezi wa Cheyo alisema:
> Mwisho wa reli mna shida sana nyie

Reli inaanzia Kigoma, mzee. Inaishia Dar. Inategemea umekaa upande gani.

#6 Duka Gungu

Mimi ni muuzaji, nisikilizeni na mimi. Desemba alikuja baba mmoja, akanunua A9 bila kuuliza, amevaa suti, ana haraka. Siku ya pili amerudi anafoka mpaka majirani wametoka: "Umenipa ndogo! Jirani yangu ana A8, kubwa, mimi nimelipia tisa!" Nikamweka chini nikamweleza, akanitazama kama ninayemuuzia chai. Ilibidi nimbadilishie, akaongeza hela akachukua Plus. Ile A9 nikaiuza kwa hasara maana boksi lilikuwa limeshachanwa.

Tangu hapo mteja akiingia simtajii jina. Namwambia hii ni ya kushika kwa mkono mmoja, hii ni ya kuweka mezani. Anachagua kwa macho.

Kwa samaki wa hapa kwetu A9 ni nyamunyamu, A9 Plus ni mgebuka. Ndiyo lugha watu wanaielewa haraka.

#7 Kahawa Kalinzi

Duka Gungu umenichekesha. Ila nyamunyamu akikua anakuwa mgebuka. A9 haikui.

Nami nina kisa. Tunapima mashamba ya kahawa huku juu, unazunguka mpaka wa shamba na kifaa kinachora. Nikanunua iPad nikiamini bei kubwa ina kila kitu. Nimefika shambani, kadoa kangu kamesimama. Nimezunguka shamba zima la mzee wa watu, ramani inaonyesha niko palepale nilipoanzia. Mzee ananiangalia, mimi naangalia mbingu. Baadaye ndipo nikaambiwa iPad ya Wi-Fi tupu haina GPS, ile ya laini ndiyo inayo. Sura moja, jina moja. Samsung A9 Plus ya Wi-Fi ya mwenzangu ilikuwa inachora bila shida.

Kwa hiyo hata jina likiwa sawa na inchi zikiwa sawa, uliza.

#8 Sauti ya Mwandiga

Mnazunguka mbuyu. Wanafanya makusudi. Wanaweka ngazi. Ya laki nne ina kasoro moja, unaambiwa ongeza kidogo upate isiyo na hiyo kasoro, lakini nayo ina yake, ongeza kidogo tena. Ukishtuka umefika milioni mbili na ulitoka nyumbani na laki nne. Mtu akielewa wazi tofauti ya kila ngazi atasimama pale anapopamudu. Wao hawataki usimame.

Hao hao wenye iPad: kuna iPad tupu, kuna mini, kuna Air, kuna Pro, na Air na Pro kila moja ina saizi mbili. Air maana yake nyepesi, si ndiyo? Basi 2024 wametoa Pro ambayo ni nyembamba na nyepesi kuliko Air. Niambie hilo si makusudi.

#9 Duka Gungu

Sauti, mimi nadhani unawapa akili nyingi kuliko waliyo nayo. Tatizo ni mzigo wa zamani. Toleo jipya likitoka, la zamani haliondoki sokoni, linashushwa bei na kukaa pembeni ya jipya. Kariakoo unakuta A7 Lite, A8, A9 na A11 ziko rafu moja. Kule zilikotoka hazikupangwa zikutane. Zimekutana huku, kwenye rafu zetu.

#10 Kinyozi Katubuka

Subiri, A11? A10 iko wapi?

#11 Mnyamwezi wa Cheyo

Imepitiliza Kaliua, iko Mpanda.

#12 Mhasibu Bangwe

Hakuna A10. Nami nina maelezo tofauti na ya Sauti na ya Duka. Angalieni miaka. S8, ya ukoo wa bei wa Samsung, ilitoka mwanzoni mwa 2022, A8 ilikuwa imetangazwa Desemba 2021. S9 imetoka 2023, A9 nayo 2023. S10 imetoka 2024, A haikutoa kitu mwaka huo. S11 imetoka 2025, na A ikaruka moja kwa moja mpaka A11. Wanataka namba za ndugu wawili zilingane, kwamba ukisikia tisa ujue ni ya kipindi kile, iwe ya bei au ya rahisi. Kwa hiyo A9 haimaanishi "bora kuliko A8". Inamaanisha "ya zama za S9".

Ukiisoma hivyo inakaa sawa.

#13 Kinyozi Katubuka

Mimi nilidhani wanakwepa kugongana na simu. Si kulikuwa na simu ya A10? Bibi yangu anayo mpaka leo.

#14 Mhasibu Bangwe

Ilikuwepo, ya 2019. Lakini simu za A8 na A9 nazo zilikuwepo 2018, na hazikuwazuia kutoa vishikwambi vyenye namba hizo. Hoja yako haisimami, samahani.

#15 Sauti ya Mwandiga

> Mhasibu Bangwe alisema:
> Ukiisoma hivyo inakaa sawa

Sawa. Sasa ikalishe S6 Lite ya 2024. S6 yenyewe ni ya 2019.

#16 Mhasibu Bangwe

Hapo nakaa kimya.

#17 Mama Wawili Ujiji

Asanteni, angalau mtoto wa jirani nimemwelewa. Ila hamjanigusia kalamu. Muuzaji wa A9 Plus aliniambia "inakubali kalamu yoyote". Ni kweli?

#18 Fundi Lumumba

Nimerudi, kioo kimeshika.

Dada, "inakubali kalamu yoyote" tafsiri yake ni kwamba haina kalamu. Kalamu ya S6 Lite haina betri, haichajiwi, ndani ina koili. Chini ya kioo kuna tabaka linaloisikia hata kabla haijagusa, na linajua umebonyeza kwa nguvu kiasi gani. A8, A9 na A9 Plus hazina tabaka hilo. Zile kalamu za ncha ya mpira za elfu kumi, kwa kioo ni kidole chako tu kimevaa kofia.

Na sasa S6 Lite. Ziko tatu, jina moja, umbo moja, inchi 10.4 zote, betri 7040 zote, kalamu iko ndani ya boksi zote. Ya 2020 ni SM-P610, ya laini P615, ina chipu ya Exynos 9611, ilizaliwa na Android 10. Ya 2022 ni P613, ya laini P619, Snapdragon 720G, Android 12. Ya 2024 ni P620 na P625, Exynos 1280, Android 14. Ukinilazia zote tatu mezani kifudifudi, nami natafuta miwani.

Mwandishi wa mabango anaandika S6 LITE MPYA. Mpya ipi? Hata ya 2020 ambayo haijafunguliwa ni mpya.

#19 Muuguzi Kasulu

Mama Wawili, mimi ninayo A9 Plus na kalamu ya mpira, nikueleze hali halisi. Nilikuwa nasoma diploma. Unaandika, kiganja kikigusa kioo, mstari unaruka unaenda alikogusa kiganja. Kwa hiyo unaandika mkono ukiwa juu juu kama mtu anayepaka rangi kucha. Dakika kumi bega linauma. Herufi zinatoka kubwa, maneno manne yamejaza mstari. Mwishowe naandika kwenye daftari, napiga picha, naibandika pembeni ya PDF.

Lakini kwa kusoma tu? Raha. Kioo kikubwa, na chaji inanifikisha mbali. Katuni za watoto zinapiga kwa spika nne hadi jirani anajua ni saa ngapi wanaangalia. Sijutii, ila ungeniuliza kuhusu kuandika ningekwambia usithubutu.

#20 Tunda la Mwanga

Nunueni iPad muache kuteseka.

#21 DagaaMbichi

Umekuja kumwaga sifa au hela?

#22 Tunda la Mwanga

Hahaha. Basi niseme ukweli wangu, maana hata sisi tuna msiba. Nina iPad kizazi cha kumi, ya 2022. Nikaagiza kalamu Dar, nikataka nzuri, nikachukua kizazi cha pili. Imesafiri siku tatu. Nimefungua, nimeipachika ubavuni mwa iPad, kimya. Haiongei. Kumbe kizazi cha kumi kinatumia kalamu ya kizazi cha kwanza, tena kwa kuunganisha kidude katikati, kwa sababu ile kalamu ina plagi ya Lightning na tundu la iPad yenyewe ni USB-C. Au ile kalamu ya USB-C iliyokuja 2023, ambayo haijui umebonyeza kwa nguvu au la. Kisha 2024 ikaja kalamu Pro, ya Air na Pro mpya, na hizo Air na Pro mpya nazo zikaikataa kalamu ya pili.

Kalamu yangu ipo kabatini, nyeupe, safi. Shemeji yangu alidhani ni ya kupimia homa.

#23 Sauti ya Mwandiga

Kalamu nne. Na bado mnaniambia si makusudi.

#24 Tunda la Mwanga

Sauti, kwenye kalamu nakuunga mkono. Kwenye majina sina uhakika. Na anayenunua mtumba wa iPad aangalie nyuma, herufi A na tarakimu nne: A2602 ni kizazi cha tisa cha Wi-Fi, kile chenye kitufe cha duara chini. A2696 ni cha kumi. Majina ya midomoni mwa wauzaji achana nayo, kila iPad kwao ni "Pro".

#25 Mzee wa Liemba

Vijana nawasoma tangu asubuhi. Mnasumbuka na vitu vya miaka mitano. Liemba ipo ziwani tangu 1913, na hakuna mtu aliyewahi kupanda meli nyingine akidhani ni Liemba.

#26 Mhasibu Bangwe

Shikamoo mzee. Ila tukiwa kwenye kusahihishana: 1913 ilijengwa Papenburg, Ujerumani, kisha ikavunjwa vipande ikaletwa hapa. Iliunganishwa Kigoma na kuingia majini 1915, ikiitwa Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916. Ikaibuliwa 1924, na jina la Liemba imelipata 1927.

#27 Mzee wa Liemba

Marahaba. Hayo nayajua kabla baba yako hajaoa. Nilifupisha.

#28 Kahawa Kalinzi

Hapo mzee katupa mfano bila kujua. Liemba ni mwili ule ule, jina jipya. S6 Lite ni jina lile lile, matumbo mapya. Ukinunua meli angalia mwili, ukinunua S6 Lite angalia matumbo.

#29 DagaaMbichi

Nani ananunua meli?

#30 Mtu wa Kagunga

Hodi. Naomba kuchepusha uzi kidogo. Niko huku mpakani na Burundi. Kishikwambi changu ni cha laini, na saa inarudi nyuma saa nzima yenyewe. Naamka kikiniambia saa kumi na moja, kumbe ni saa kumi na mbili, mtumbwi wa Kibirizi umeondoka. Nimebadilisha betri, nimeirudisha kiwandani, haiponi. Ni ubovu wa toleo?

#31 Fundi Lumumba

Huo si ubovu. Kimeshika mnara wa Burundi, wao wako saa moja nyuma yetu. Nenda mipangilio, tarehe na saa, zima ile ya kujiweka yenyewe, weka mwenyewe saa ya Tanzania. Na kwenye mitandao chagua mtandao wako kwa mkono, la sivyo salio nalo litakwenda ng'ambo.

Betri umebadilisha kwa nani?

#32 Mtu wa Kagunga

Asante sana. Kwa nani tuyaache, nimeshalipa.

#33 Mnyamwezi wa Cheyo

Watu wa Wi-Fi tupu hawana shida hiyo. X210 ina raha zake.

#34 Mwalimu wa Heru Juu

Mimi nitaongelea hatari nyingine, maana hapa mnabishana Samsung na Tufaha (Apple, wenye iPad) kama vile ndivyo pekee vilivyopo. Nina kishikwambi cha kazi, vile vya sensa ya 2022 tuligawiwa walimu. Hicho sikitoi kwa watoto, ni cha serikali. Kwa hiyo nikataka cha nyumbani. Nikaona mtandaoni tangazo: inchi kumi, RAM 16, hifadhi 1TB, kibodi, kalamu, kava na saa ya mkononi juu yake, laki mbili. Jina lake lilikuwa na Pro na Max na Ultra, yote matatu kwa pamoja. Nikatuma.

Kimekuja. Kwenye kuhusu kifaa kinasema kweli 1TB. Nikaweka masomo ya video, nikaweka na picha za mahafali. Mahali fulani katikati, faili zikaendelea kuingia kama kawaida lakini za mwanzo zikawa hazifunguki. Picha nusu ni mtu, nusu ni kijivu. Ile terabaiti ilikuwa maandishi tu. Nimepoteza mahafali ya darasa zima, na wazazi wananiuliza mpaka leo.

Saa ya mkononi inafanya kazi.

#35 Fundi Lumumba

Pole mwalimu. Hivyo navifungua kila mwezi. Programu yake imechezewa itaje namba kubwa, ndani kuna chipu ndogo. Ikijaa inaanza kuandika juu ya vya zamani. Kabla ya kukiamini, jaza makusudi: nakili faili kubwa moja mara nyingi hadi kipitilize 64GB, kisha fungua ya kwanza na ya mwisho.

Halafu kuna matangazo yanaandika "RAM 4+8", hiyo msiichanganye na wizi. Ile nane imekopwa kwenye hifadhi, polepole kuliko RAM halisi, na hata kampuni za kweli zinaiandika hivyo. RAM ni nne.

#36 Kinyozi Katubuka

Mngetuma IMEI, ile namba ya utambulisho wa kifaa, kwenda 15090 ya TCRA mkajua kama ni feki.

#37 Mhasibu Bangwe

Kwa cha laini sawa. Cha Wi-Fi tupu hakina IMEI, utatuma nini?

#38 Kinyozi Katubuka

Leo sina bahati na wewe, mhasibu.

#39 Duka Gungu

Ngojeni niongeze la Redmi kabla hatujamaliza, maana wateja wa laki saba wengi wanaangukia huko. Kuna Redmi Pad ya 2022, kuna Pad SE ya 2023 ya inchi 11, kuna Pad Pro ya 2024 ya inchi 12.1, na kuna nyingine inaitwa Pad SE 8.7. Hiyo 8.7 si toleo la programu, ni inchi. Ile SE ya inchi 11 ni Wi-Fi tupu, na ile ndogo ndiyo ina toleo la laini. Msiniulize kwa nini. Ila kwa kusoma PDF tu, SE kubwa ni hela ndogo na kioo kizuri.

#40 Mama Wawili Ujiji

Wakuu nipo dukani Mwanga sasa hivi, naandika nikiwa nimekaa kwenye kile kiti. Nimeamua S6 Lite kwa ajili ya kalamu. Anataka laki sita na nusu. Boksi limeandikwa SM-P613. Nimefanya kama fundi alivyosema, nikageuza kishikwambi chenyewe. Nyuma, chini kabisa, maandishi madogo: SM-P610. Nimeingia mipangilio, kuhusu kifaa: SM-P613.

Nimesoma mara tatu. Nimemwonyesha muuzaji, anasema, "Dada, hizi za Dubai ndivyo zilivyo."

#41 DagaaMbichi

Usitoe hela kwenye kanga.

#42 Sauti ya Mwandiga

Cha wizi hicho.

#43 Fundi Lumumba

Si lazima kiwe cha wizi. Mipangilio ikisema P613, mara nyingi ubao wa ndani ni P613, maana programu ya Snapdragon haiwaki kwenye ubao wa Exynos, mtu hawezi kuipachika tu. Kilichobadilishwa ni mfuniko wa nyuma. Kilianguka, wakakivika mgongo wa P610 kwa sababu umbo ni moja. Nami nimeshawahi kufanya hivyo kwa ridhaa ya mteja. Swali ni kilianguka vibaya kiasi gani, na kama kioo nacho ni chake.

Jaribu kalamu kwenye kingo zote nne. Chora mstari wa ulalo taratibu kutoka pembe hadi pembe. Ukikatika mahali, lile tabaka la chini limeumia.

#44 Duka Gungu

Au boksi moja limehudumia vishikwambi viwili. Linganisha namba ya utambulisho (serial) ya boksi na ile ya kwenye mipangilio. Ila dada, kitu kilichofunguliwa si kipya, na hiyo bei ni ya kipya.

#45 Mnyamwezi wa Cheyo

Mtu wa Cheyo angekuwa ameshahama duka.

#46 Mama Wawili Ujiji

Namba za serial zinafanana. Mstari wa ulalo umepita vizuri pembe tatu, ya nne chini kulia unachora wimbi dogo, kama mkono umetetemeka. Nimerudia mara mbili, wimbi pale pale. Muuzaji anasema ni mkono wangu. Chaji imefika asilimia nne, kikazima.

Nimetoka. Laki saba bado ninayo.

#47 Muuguzi Kasulu

Afadhali. Wimbi hilo utaliona kila ukurasa.

#48 Mhasibu Bangwe

Kalamu ikiwa imechakaa ncha nayo huleta wimbi. Ingekuwa ncha, lakini, lingekuwa kila mahali.

#49 Tunda la Mwanga

Au kava ilikuwa na sumaku karibu na pembe hiyo. Kava nyingi zina sumaku, na zinavuruga kalamu ya aina hiyo. Kilikuwa na kava?

#50 Mama Wawili Ujiji

Kilikuwa na kava! Hakulitoa.

Na amenipigia sasa hivi, nimefika stendi. Anasema laki tano, na anakubali nikipeleke kwa fundi ninayemtaka kabla ya kulipa. Fundi, Lumumba uko upande gani?

#51 Fundi Lumumba

Unaposhuka kuelekea stesheni, meza yenye mwavuli wa bluu. Mwambie akichaji kwanza, na ulete boksi. Kava muachie.